Kuandaa Siku ya Mashujaa Mtaani Kwenu Julai 25

Kila Julai 25 Tanzania huwakumbuka waliokufa wakiitetea nchi. Maadhimisho ya kitaifa yalizoeleka Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Miaka ya karibuni yamekuwa Dodoma, na mara nyingine hupelekwa mkoani, kama yalivyopelekwa Mtwara mwaka 2023, ambako Naliendele wamezikwa askari waliokufa katika harakati za kuikomboa Msumbiji. Wengi wa waliokufa katika vita ya Kagera ya 1978 na 1979 wamelala Kaboya, wilayani Muleba. Lakini wajane, watoto na ndugu zao hawaishi Kaboya wala Naliendele. Wako Tandahimba, Musoma, Mbagala na Singida, na kwao siku hii hupita kwenye taarifa ya habari tu. Mwongozo huu ni wa kamati ya mtaa, kijiji, shule au jumuiya inayotaka kuwakumbuka watu wake yenyewe, kwa majina yao.

Kumbuka kwanza kwamba Julai 25 si siku ya mapumziko. Ofisi ziko wazi na shule zinaendelea na muhula. Ukipanga shughuli saa 5 utapata viti vitupu na jua kali. Saa 3 asubuhi ndiyo saa yake, na shughuli isizidi dakika 50.

Majina kabla ya turubai

Kamati nyingi huanza na turubai, spika na mgeni rasmi, majina yakaja kutafutwa siku mbili kabla. Geuzeni. Anzeni majina katikati ya Juni, karibu wiki sita kabla, maana hii ndiyo kazi inayokula muda na ndiyo pekee isiyoweza kukodishwa.

Fungueni daftari moja la kaunta na mchore safu saba: cheo, majina matatu, kikosi, mwaka alipokufa, mahali alipofia, alipozikwa, na ndugu wa karibu. Safu ya mwisho, yenye namba za simu, ni ya kamati tu; isipigwe picha wala kutupwa kwenye kundi la WhatsApp. Wapelelezi wa majina wawe wawili wawili, mmoja mzee anayefahamika na mmoja kijana mwenye mwandiko mzuri. Pa kuuliza ni hapa: familia zenyewe, wanajeshi wastaafu na tawi la chama chao, Tanzania Legion, kama lipo karibu, ofisi ya Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, vitabu vya mazishi vya parokia na usharika, wazee wa msikiti, na maandishi ya makaburini. Jina lisiingie kwenye orodha ya kusomwa mpaka watu wawili wasiokaa nyumba moja wamelithibitisha.

Makosa yanajirudia. Kubwa ni mtu mmoja kuandikwa mara mbili: jeshini aliandikishwa kwa jina la ubatizo na la baba, nyumbani akaitwa kwa jina la babu. Linganisheni mwaka na mahali alipofia, si jina peke yake. La pili ni kuwasahau mgambo. Vita ya Kagera iliwabeba mgambo wengi, na kwa kuwa familia zao hazina karatasi yenye namba ya kikosi, huachwa nje na kamati inayodai nyaraka. Mgambo aliyekufa vitani ni askari aliyekufa vitani. La tatu ni la lugha: zipo familia ambazo hazikuletewa mwili wala kaburi, na mama mwenye umri wa miaka 85 bado anasema mwanawe "hakurudi". Msimwandikie "marehemu" bila kumuuliza. Muulizeni anataka asomwe vipi, mwandike hivyo hivyo.

Amueni mapema nani anaingia, na mwandike uamuzi huo kwenye ukurasa wa kwanza ili usije ukabishaniwa siku yenyewe. Wengi watakubaliana juu ya Kagera. Waongezeni waliokufa wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa: Darfur, ambako askari saba wa Tanzania waliuawa Julai 2013, na mashariki ya Kongo, ambako kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa Desemba 7, 2017. Hawa ni vijana wa juzi. Wajane wao bado wana watoto wa shule, na mara nyingi ndio wanaosahaulika kwa sababu mawazo yetu ya shujaa yamebaki 1979. Wazee waliopigana Burma katika vita ya pili ya dunia nao wana wajukuu mtaani. Kwa wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, waliokufa kwa njaa na maradhi na wengi wakazikwa bila jiwe, acheni mstari mmoja usomwe mwishoni: wale ambao majina yao hatunayo. Songea wao wana siku yao, Februari 27, kwa wapiganaji wa Majimaji walionyongwa tarehe hiyo mwaka 1906. Msiichanganye na hii.

Barua mbili

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji apate barua wiki tatu kabla. Polisi wapewe taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Sheria inataka isipungue saa 48, lakini wiki moja kabla ni busara, kwa sababu wilaya nayo inaweza kuwa na shughuli yake siku hiyo hiyo na askari wa usalama barabarani ni wale wale. Barua itaje mahali, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, na majina matatu ya wahusika. Mkitaka mpiga buruji au askari wachache wa kuweka shada, ombi hilo lipitie kwa Mkuu wa Wilaya na lifike mapema zaidi, mwezi mmoja kabla.

Jambo moja lisilohitaji barua kwa sababu jibu lake ni hapana: baruti, fataki na risasi za heshima. Mizinga ni ya jeshi. Pia nguo za mabaka, hata za mtumba, hata kofia tu, raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo. Kila mwaka kuna mwalimu anayetaka kuwavisha watoto wa gwaride "kombati" ili wapendeze. Skauti wavae sare yao ya skauti, wanafunzi sare ya shule.

Makaburi

Usafi ufanyike siku kumi kabla, si asubuhi ya Julai 25. Kila kaburi lina mwenyewe, kwa hiyo familia iombwe kwanza na ikiwezekana ije mtu wake.

Majani yafyekwe, lakini fyekeo likome nusu hatua kutoka kwenye jiwe. Hapo karibu tumia mkasi wa bustani au kisu, kwa sababu fyekeo likigonga ukingo wa saruji linaumega, na ufa huo ndio mvua za vuli zitakapoingilia. Mche uliootea ndani ya ufa usiung'oe. Mzizi hutoka na kipande cha kaburi. Ukate chini kabisa. Na kabla hujang'oa ua lolote lililoota upande wa kichwa, uliza, maana familia nyingi hulipanda kwa makusudi.

Kuosha jiwe kunahitaji maji safi, brashi laini ya nailoni, na subira. Lowesha kwanza, sugua kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuza kuanzia juu. Asidi ya kusafishia vyoo hufanya jiwe ling'ae siku hiyo, kisha hula uso wa terazo na marumaru. Mwaka wa pili herufi zimefifia. Jiki nayo huacha chumvi ndani ya saruji inayokuja kuota kama unga mweupe. Brashi ya waya ni ya kusafishia nondo.

Kingo za saruji zinapendeza zikipakwa chokaa. Kwa makaburi kumi hivi, chukua chokaa kilo 5, maji lita 10 na chumvi nusu kilo. Mimina chokaa kwenye maji, si maji kwenye chokaa, koroga, funika ilale usiku kucha, asubuhi chuja kwa kitambaa. Lowesha ukingo kwanza kisha paka mikono miwili myepesi, wa pili siku inayofuata. Ukipaka mkono mmoja mzito juu ya saruji kavu, maji hunyonywa haraka, chokaa haishiki na hubanduka kwa vidole. Watu watarudi nyumbani na weupe kwenye suti. Watoto wasipake. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza, kwa hiyo ndoo ya maji safi iwe karibu na aliyepatwa aoshe mara moja kwa muda mrefu, kisha apelekwe zahanati. Rangi ya mafuta iacheni. Saruji iliyokaa ardhini ina unyevu, na unyevu huo utaisukuma rangi itoke magamba kabla ya Krismasi.

Yapo makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola, kama ya Dar es Salaam na Moshi, na upande wa Kenya ya Nairobi na Taveta. Huko msioshe, msipake wala msipande kitu. Kuna watunzaji wake. Mnaloweza kufanya ni kuomba ruhusa ya kuweka shada.

Shada

Shada la kununua lina maua ya plastiki na utepe ulioandikwa "Rambirambi". La kutengeneza wenyewe ni bora na gharama yake ni ndogo.

Kata nondo ya milimita 6 yenye urefu wa sentimita 120, ipinde duara, ncha zipishane sentimita 10 na uzifunge kwa bainding waya. Utapata duara lenye upana wa sentimita 35 hivi. Majani yakikaa litafika 45, kipimo kinachobebeka na mtu mmoja bila kumfunika uso. Loweka magome makavu ya mgomba nusu saa, kisha yazungushie duara mpaka unene ufikie wa kifundo cha mkono wa mtoto, ukikaza kwa kamba ya mgomba au ukindu. Magome haya ndiyo siri yake. Yanashika maji usiku kucha na kulisha majani.

Kata matawi ya mvinje, au majani yoyote magumu ya kijani kibichi, vipande vya sentimita 12 hadi 15. Shika vipande vitatu pamoja, vilaze juu ya duara, zungusha uzi mara mbili na uuvute ukaze. Kifungu kinachofuata kifunike shina la kilichotangulia, kwa hatua ya sentimita nne, na vyote vielekee upande mmoja. Vifungu 27 au 28 vitakamilisha duara. Ukibadilisha mwelekeo katikati, shada litaonekana limegawanyika na mashina yatajitokeza. Maua yaingie mwisho: waridi, au maua mengine yenye shina gumu yaliyokatwa alfajiri na kulazwa kwenye maji. Bogenvila hunyauka ndani ya saa chache na haibiskasi hudumu siku moja tu, kwa hiyo uzuri wake wa jioni usikudanganye.

Litengenezwe jioni ya tarehe 24, linyunyiziwe maji na kufunikwa gunia bichi mahali penye kivuli. Utepe uwe na upana wa sentimita saba, na maandishi yawe ya rangi ya mafuta au kalamu isiyoyeyuka, maana umande wa asubuhi hufuta kalamu ya kawaida. Andikeni kifupi: jina la taasisi na "Kwa mashujaa wetu". Julai ni msimu wa kusi, na Pwani upepo huu hulibeba shada jepesi kama ungo. Fungeni ndoano ya waya nyuma yake na mlikaze kwenye kigoda cha mianzi mitatu chenye urefu wa mita moja, miguu ikifukiwa kidogo.

Mkuki, ngao na silaha nyingine

Katika maadhimisho ya kitaifa, kwenye mnara, Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mwenyekiti wa Baraza la Tanzania Legion huweka shoka. Mtaani hamna haja ya kuiga yote, na mkiwa na watoto wengi ni afadhali msiige. Shada moja la jamii na ua moja kwa kila familia vinatosha. Mkiamua kuweka mkuki na ngao, azimeni kwa mzee anayevitunza kihalisi, si vya kuuzia watalii. Ncha ifungwe kitambaa mpaka dakika ya kuweka, na ielekee mnara, si watu. Aweke mwanajeshi mstaafu, ambaye amekwisha jaribu kupiga magoti siku moja kabla. Magoti ya miaka 75 hayashuki kwa amri, na mzee akiyumba mbele za watu mtakuwa mmemvunjia heshima yule mliyekuja kumheshimu. Akae kijana mmoja hatua moja nyuma yake.

Bendera

Bendera ya Taifa haipandishwi nusu mlingoti kwa uamuzi wa kamati. Agizo hilo hutoka serikalini. Likitoka, ipandishwe kwanza mpaka juu kabisa, isimame kidogo, kisha ishushwe hadi nusu. Jioni nayo hupandishwa tena mpaka juu kabla ya kushushwa. Kosa linaloonekana kila mahali ni bendera iliyogeuzwa. Kijani kiko juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa nje, na mstari mweusi hupanda kutoka kona ya chini ya mlingoti. Ukiona bluu imegusa mlingoti juu, ishusheni haraka, tena kabla mpiga picha hajafika. Bendera iliyopauka au yenye pindo lililochanika ibadilishwe wiki moja kabla; maduka ya vifaa vya shule huishiwa nazo.

Asubuhi yenyewe

Viti vya mbele, vilivyo chini ya kivuli, ni vya familia. Hili liandikwe kwenye karatasi na kubandikwa kwenye viti, kwa sababu bila karatasi madiwani na wageni wao watavijaza kufikia saa 2:40. Mgeni rasmi akae pembeni ya familia, si mbele yao. Pawe na ndoo ya maji ya kunywa na choo kilichofunguliwa. Wajane wengi ni wazee.

Ratiba inayokwenda vizuri ni hii. Saa 2:30 watu wameketi. Saa 3:00 mgeni rasmi anafika, wote wanasimama, Wimbo wa Taifa unaimbwa kwa sauti za watu. Kisha majina. Yasomwe na vijana wawili kwa zamu, kila jina likipewa sekunde nne hadi tano: majina 30 ni kama dakika mbili na nusu. Wasomaji wafanye mazoezi mara tatu, na kila jina la kabila wasilolijua wafundishwe na familia. Jina likikosewa mbele ya mama yake, hakuna hotuba itakayolirekebisha.

Baada ya majina, buruji ya kwanza. Kisha kimya, kisha buruji ya kuamsha. Kimya kiwe cha dakika mbili kamili, au moja, lakini kamili kwa saa. Mshereheshaji anayekadiria kwa kichwa hukata kwenye sekunde ya 20. Ukimya humtisha mtu aliyeshika kipaza sauti. Apewe saa, na kipaza sauti kizimwe kabisa, kwa maana spika zilizowashwa hazinyamazi, huvuma. Jenereta iwe mita 40 nyuma ya jengo. Kama hakuna mpiga buruji, tumia mpiga tarumbeta wa bendi ya shule au ya kanisa, ajifunze noti hizo mwezi mzima. Sauti ya kwenye simu ni suluhisho la mwisho, na simu hiyo iwekwe hali ya ndege, isije ikaingia meseji ya vocha katikati.

Mashada yafuate: kwanza familia, mmoja mmoja, kisha wastaafu, mwisho mgeni rasmi. Watu wengi watashangaa mpangilio huu. Elezeni kwenye barua ya mwaliko ili mgeni asije akadhani amedharauliwa.

Dua na sala zifuate kwa viongozi wa dini waliopo katika jamii hiyo, dakika tatu kila mmoja, na waambiwe muda huo kwa maandishi siku kabla. Msiweke msalaba juu ya mnara wa watu wote wala msisome Fatiha kwa niaba ya asiyekuwa Mwislamu. Kila mmoja aombe kwa watu wake, wengine wanyamaze. Makaburini hakuna kupanda juu ya kaburi ili kupiga picha.

Hotuba, kama lazima iwepo, iwe moja, dakika tano, tena baada ya sala. Hakuna makofi, hakuna vigelegele, hakuna "oyee". Mshereheshaji aliseme hili mwanzoni, mara moja, kwa upole, la sivyo chama chochote kitakachokuwepo kitaanza kuitikiwa. Bahasha za wajane, kama zipo, zipelekwe nyumbani. Kumsimamisha mama apokee kilo tano za mchele mbele ya kamera ni kumfedhehesha.

Baada yake

Mashada yakae mpaka yanyauke, siku nne au tano, kisha yaondolewe. Waya na nondo zitolewe kwanza na kuhifadhiwa kwa mwaka ujao. Majani yazikwe au yachomwe. Shada lenye waya likiachwa makaburini mbuzi hula majani na kumeza waya.

Siku hiyo hiyo kabla ya watu kutawanyika, mtu mmoja akae na daftari kwenye meza pembezoni. Ni saa hii ndipo watu hujitokeza na kusema, "Mbona mjomba wangu hayumo?" Aandike safu zote saba, achukue majina ya mashahidi wawili, na asiahidi kitu. Nakala moja ya daftari ibaki ofisi ya mtaa, moja kwa mwalimu wa historia wa shule ya karibu, na ya tatu ipigwe chapa na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki, mbali na mchwa.